Dole la Marijani

Zuena aliitoa ile karatasi kifuani, lakini hakuiachia.

“Mpe mwalimu,” alisema Hamisa, mama yake. “Anaisoma tu, haili.”

Wanawake waliokuwa wakichambua mchele uani walicheka. Siku ile ilikuwa Jumatano, harusi Ijumaa, na nusu ya Temeke ilikwisha alikwa. Lilibaki neno moja tu: nani atamwozesha binti Marijani? Marijani mwenyewe yuko Mombasa, nchi nyingine, serikali nyingine, na hajaonekana miaka kumi na mmoja.

Mwalimu Sadallah akavaa miwani, akasoma kwa sauti. Mimi Marijani, kuli wa Kilindini, naacha haki zangu zote za baba kwa mtoto wangu Zuena. Akae kwa mama yake, sitamdai. Akifika kuolewa, aozeshwe na mwalimu wa mtaa. Chini, mahali pa saini, dole gumba la wino.

“Makubwa,” alisema Somoe, dada yake Hamisa. “Hata mbuzi anauzwa kwa maneno mengi kuliko haya.”

Hamisa aliinama. Aliyaona macho ya wanawake yakimpanda na kumshuka. Mke gani huyu, mpaka mume akatae na damu yake? Akajifunika kanga vizuri, mikono yote ndani.

Zuena hakujali. Barua ilifika mwaka aliotimiza miaka saba, umri ambao mtoto humfuata baba. Wiki ile ile mama akafunga vyombo, wakatoka Kinondoni wakahamia huku. “Aibu ya kule siiwezi,” alisema.

Tangu hapo karatasi ikawa ya Zuena. Akipigwa na wenzie, akiumwa, anaifungua, anaweka dole lake juu ya dole la baba. Uso wa baba ulikwisha mpotea, lakini dole alilijua. Katikati lilikatwa na mstari mweupe, uliopinda kama ndoana.

“Baba alikatwa na nini?” alikuwa akiuliza alipokuwa mdogo.

“Kamba za meli,” mama alijibu, akaendelea kukuna nazi.

Sasa mwalimu alivua miwani. “Baba hajiuzulu kama karani, Hamisa. Hili zito. Heri nipeleke simu Mombasa, tumngoje mwenyewe aje.”

“Usipeleke,” alisema Hamisa, haraka kidogo. “Watu wamekwisha alikwa, mwalimu. Utanivua nguo.”

Mwalimu alimtazama Zuena, akaguna. “Haya. Basi wewe thibitisha mbele ya watu kwamba barua hii ilitoka kwake. Nami nitaozesha.”

“Nathibitisha.”

“Andika jina lako hapa.”

“Kuandika mie sijui.”

Mwalimu akaandika mwenyewe mistari miwili chini ya barua, akamsogezea kisahani cha wino. Hamisa akatoa mkono wa kulia.

“La, wa kushoto. Ndivyo wanavyotaka bomani.”

“Wa kulia si ndio wa heshima, mwalimu?”

“Wa kushoto, mama.”

Hamisa hakuutoa.

“Mdogo wangu, mkono huo mwali?” alisema Somoe. “Utoe, watu tuna mchele hapa.”

Uani wakacheka tena, na Zuena akacheka nao. Akaingiza mkono ndani ya kanga ya mama yake, akautoa ule wa kushoto taratibu, akakichovya kidole gumba kwenye wino, akamsaidia kukikandamiza.

Dole lilitoka safi. Zuena akainama alipulizie wino ukauke.

Akaacha kupuliza. Kisha, kama alivyozoea tangu ana miaka saba, akaweka dole lake juu yake, akaufuata ule mstari mweupe uliopinda kama ndoana, na wino ulikuwa bado mbichi.