Ua la Bati Usoni

Alilenga katikati ya uso wa mwanamke pichani, akasukuma sindano nene mpaka ikatokea upande wa pili.

"Mungu wangu!" jirani akamaka mlangoni, beseni la nguo kiunoni. "Unatoboa sura ya mtu?"

 Mpambaji alichukua kibanio cha bati, chenye kichwa cha ua na miguu miwili myembamba, akaipitisha miguu tunduni, akageuza ukurasa wa albamu na kuipanua nyuma kwa kucha. Ua likakaa. Uso ukapotea. Kazini kwake, studio ya picha, vibanio hivyo alivipachika kwenye pembe za albamu za maharusi, na kwa wepesi wa mkono hakuwa na mpinzani. 

Chumba cha pili, mdogo wake alikuwa akifunga begi la mtoto. Ndiye aliyemzaa mtoto huyo, Kidoti, akamwacha hapa angali ananyonya, akaenda kutafuta maisha. Alikuja mara mojamoja, wakapiga picha wote watatu, akaondoka. Sasa maisha kayapata, nyumba anayo, mume anaye. Amekuja kumchukua mwanawe moja kwa moja, na teksi ilikuwa njiani.

"Najua inauma," jirani akasema, sauti ameishusha. "Umekesha naye na homa zake, umemfundisha kutembea. Lakini kumfuta mama wa mtu kwenye picha? Hata mimi yule mume wangu wa kwanza nilimkata kwa mkasi, ila yule alistahili! Huyu ni ndugu yako, jamani."

"Mtoto akiendelea kuuona uso huu hatatulia. Atalia kila siku. Bora ausahau."

"Basi si ubandike karatasi kwa gundi, yaishe?"

"Cha gundi hakibanduki bila kuchanika. Kibanio kinafunguka. Akishakuwa mtu mzima, akitaka, atafungua mwenyewe."

Jirani akasonya, akaenda kuanika nguo zake.

Mpambaji akamalizia picha ya mwisho. Machozi yalidondokea bati, akayafuta kwa upindo wa gauni haraka haraka, lisije likashika kutu.

Honi ikalia nje. Mdogo wake akatoka na Kidoti mkononi, mtoto macho yamemvimba kwa kilio. Mpambaji hakumkumbatia. Alijua akimshika tu, hatamwachia.

"Shika zawadi yako," akamwambia, akimpa albamu. "Na uwe msikivu, sawa?"

Ndani ya teksi mdogo wake alimpakata mtoto, akafungua albamu ili ambembeleze. Akafunua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha mkono ukaganda. Kila ukurasa ni uso wake yeye uliokuwa ukimtazama, mzima, unacheka, hauna hata mkwaruzo; kando yake, juu ya mabega ya dada yake, ua la bati.

Akainua macho kwa dada yake aliyesimama dirishani. Kisha akayarudisha kwenye albamu.

"Mwone mama," hatimaye akamwambia mtoto, akigusa sura yake pichani.

Kidoti akatikisa kichwa. Akausogeza mkono ule pembeni, akaweka kidole juu ya ua la bati.

"Mama huyu hapa."