Vipande Vitatu vya Limau

Alifunua bakuli, akabaki amesimama na kijiko mkononi. Vile vipande vitatu vya limau vilikuwa bado juu ya mchuzi, vimepangwa kama ua, vile vile alivyovipanga mwenyewe asubuhi ya sikukuu.

Kwa mamamkwe walikuwa watu ishirini, wakala mpaka wakalegeza mikanda. Kumbe bakuli lake, la mchuzi aliopika na kupeleka yeye mwenyewe, halikufika hata mezani.

"Chukua mabaki, mwanangu," mamamkwe alimwambia jana wakiagana, akimkabidhi mfuko uliokazwa mafundo mawili. "Kesho ukikaanga samaki, mwagia tu."

Samaki alikuwa tayari kikaangoni. Akaondoa limau kipande kimoja kimoja, akaviacha kando ya sinki. Kisha akamwagia samaki mchuzi wote, akafunika.

Mumewe alikula kwa pupa. Alipomaliza alilamba vidole, hata kile cha mwisho.

"Huu ndio mchuzi aliokufungia mama?"

"Ndio huu."

"Unaona sasa!" Akamega mkate, akapangusa sahani. "Kitunguu hukioni, chumvi ndiyo yenyewe. Mkono wa mama ni mkono wa mama, bwana. Uwe unakwenda siku moja moja, umtazame anavyopika. Kujifunza si aibu."

Mkewe aliitazama ile sahani. Ilikuwa imetakata, haikuhitaji hata kuoshwa.

"Nitakwenda," akasema, akamsogezea na kipande chake yeye cha samaki, ambacho alikuwa hajakigusa. "Malizia na hiki, mume wangu. Mchuzi huu hutaula tena."