Ushoroba wa Chumba cha Nyuma

Sheria ilisema mnyama akipita mahali siku saba mfululizo, hapo pamekuwa ushoroba, njia ya wanyama, na haparuhusiwi kuzibwa. Paskalina aliijua sheria hiyo, lakini hakuelewa kwa nini afisa wa shoroba amekuja kung'oa milango ya nyumba yake.

"Vipima nyayo vilivyofukiwa ardhini vimeonyesha pundamilia mmoja," afisa alisema. "Kila asubuhi anatoka hifadhi moja, anaingia kwako, anasimama chumba cha nyuma, kisha anatokea uani kuelekea hifadhi ya pili."

"Kaka, kila asubuhi mimi nipo humu ndani. Sijaona hata kinyesi chake."

Afisa alimwonyesha ramani. Mstari ulikatiza sebuleni ukafika chumba cha nyuma, kando ya kitanda cha mama mkwe wa Paskalina, ambaye hakuwa ameinuka tangu masika.

Milango ilipokwisha kuchukuliwa, Paskalina aliingia chumbani humo na bakuli la uji.

"Mama, kuna mnyama anayeingia humu?"

"Yupo," mama mkwe alijibu kwa utulivu. "Kisogeze hicho kiti, mwanangu. Anakosa pa kusimama."

Kilikuwa kiti alichokalia Paskalina kila asubuhi akimnywesha mama mkwe uji. Paskalina alikisogeza hadi ukutani, akabaki amesimama na bakuli mkononi, asijue akae wapi.