Mahali Ukoga Haukuota

Pigo la tatu lilimng'oa mchoma mkaa jino. Akalitema nyasini, akarudia neno lile lile: "Nimeuokota."

"Umeuokota wapi?" Kabla hajajibiwa, bwana msitu akamchapa tena. Alikuwa anampigia ule ule mnyororo uliozua balaa, mzito, wenye kutu, na kufuli bado limeng'ang'ania mwishoni.

"Korongoni. Nilitafuta cha kufungia magunia."

Alikuwa amefungwa kamba kwenye kisiki cheusi. Miaka sita baada ya ule moto mkubwa, mlima mzima ulikuwa bado visiki na magogo yaliyoungua. Kilichorudi kwa wingi ni ukoga tu, ule mkavu wa kijivu unaojibandika kwenye mawe na magogo kama magamba. Na ukoga huo, jamani, ndio uliomponza mtu wa watu.

Mwalimu wa chuo alikuwa anaupima. Watu walimcheka sana: mtu mzima, na digrii zake, anapiga magoti mbele ya gogo na rula. Lakini asubuhi hiyo alifika kwenye kibanda cha walinzi wa msitu, au tuseme kwenye nguzo moja ya mlango iliyobaki. Ukoga ulikuwa umeivaa nguzo yote, isipokuwa mkanda mmoja mweusi uliozunguka usawa wa kiuno. Ukitazama vizuri uliona alama za pete za mnyororo, moja moja.

Akamwita bwana msitu, akamweleza papo hapo, maana wasomi wengine kunyamaza hawajui. Hapa palifungwa mnyororo siku ya moto. Mlango ukaungua, mnyororo ukabaki kwenye nguzo miaka yote sita, ndiyo maana chini yake hakuna kilichoota. Umetolewa juzijuzi tu, weusi wa mti ulioungua hapo bado haujapauka.

Ndani ya kibanda hicho ndimo alimoungulia mdogo wake bwana msitu, aliyekuwa mlinzi. Siku zote ilisemwa moto ulimkuta usingizini. Kumbe alifungiwa kwa nje! Bwana msitu alikaa chini, akalia mbele ya watu bila aibu. Alipoinuka, mchoma mkaa alikuwa anapita na mkokoteni wake, magunia yamefungwa kwa mnyororo.

"Nani alikutuma?" Mnyororo ukashuka begani. Mfupa ulisikika ukivunjika.

"Utamuua," mwalimu akasema. "Mimi sikusema ni yeye. Ukoga hauwezi kusema ni nani."

"Wewe kapime magogo yako."

Mjane wa marehemu alikuwa ameitwa aje ashuhudie. Alisimama kando, amekumbatia mkono wake mmoja, ule uliowahi kuvunjika ukaunga kombo. Watu walimsifu sana mama huyu. Hakuolewa tena, na kila mwaka alipanda mlimani peke yake kupasafisha mahali alipofia mumewe. Mwalimu alikuwa amepanga chumba kwake, na kila jioni alimchosha kwa habari za ukoga, leo kapima gogo gani, kesho atapima lipi. Mama alimsikiliza kwa subira, akimwongezea chai.

Mchoma mkaa alimtazama mara moja, kisha akainamisha kichwa. "Nimeuokota," akasema kwa shida, damu ikimtiririka kidevuni.

Bwana msitu akatupa mnyororo, akachomoa panga. Mwalimu akamrukia mkono. Akasukumwa akaanguka kifudifudi, pua ikapasuka kwenye jiwe, na hakuthubutu kuinuka tena.

Panga lilikuwa juu tayari bwana msitu aliposita. Alikuwa mtu wa hasira, lakini mwenye kujali haki ya mtu.

"Shemeji," akasema. "Ni mume wako aliyeuawa. Anza wewe, mimi nitamalizia."

Mjane akalipokea panga kwa mikono miwili. Akamwendea mchoma mkaa polepole, akasimama mbele yake. Mzee wa watu akafumba macho. Alikuwa na mke na wajukuu wanaomsubiri nyumbani, na wala hakuomba kitu.

"Fanya haraka tu, mama," akamwambia.

Panga likashuka kwa nguvu. Kamba zikakatika, mchoma mkaa akaporomoka chini ya kisiki, mzima.

"Shemeji, unafanya nini?"

Mjane akageuka. Panga sasa lilikuwa limemwelekea bwana msitu, limeshikwa kwa mkono ule wa kombo.

"Mdogo wako alinipiga tangu asubuhi, alipochoka akalala," akasema. "King'ora cha moto kilipolia, alizinduka akanisikia nje nafunga kufuli. Akaniita kwa jina langu, kwa upole, mara ya kwanza tangu anioe."