Kamati ya Kiwiko cha Elia

Kitambaa cha kuning'inizia mkono kilitakiwa kufunguliwa Jumatatu. Ilikuwa Alhamisi, na Bibi Mokami alikuwa bado anakikaza shingoni mwa mjukuu wake, fundo juu ya fundo, kama mtu anayefunga ndama asitoroke.

"Bibi, daktari alisema wiki tatu tu," Elia alilalamika.

"Daktari yuko Mwanza. Mimi niko hapa. Tulia."

Pale Nkende, wilayani Tarime, hakuna aliyemlaumu. Bibi gani asingeogopa? Elia, kijana wa miaka kumi na sita, ndiye aliyekuwa mrushaji wa timu ya besiboli ya shule, mchezo ambao wazee wa Tarime waliuelewa haraka kuliko ilivyotarajiwa: mmoja anarusha, mwingine ana rungu. Kisha siku moja, katikati ya mechi, kiwiko kikalia ka! Kipande cha mfupa kilikuwa kimemeguka. Huko Mwanza wakapasua, wakakitoa, wakashona.

Mwalimu Sylvester, kocha wake, alisema wazi: mkono ukirudi kabla ya Agosti, wateuzi wa timu ya taifa ya vijana watakuja kumwangalia. Usiporudi, basi.

"Warushaji wa namna yake hawaokotwi njiani," alisema. "Nchi nzima unawahesabu na vidole vinabaki."

Basi mkono ukawa mali ya umma. Ikaundwa Kamati ya Kiwiko, mwenyekiti wake Mzee Kisyeri, ambaye hakuwahi kuuona mpira wa besiboli, ila alishakuwa mwenyekiti wa kila kitu kingine. Kamati ilikutana mara nne nyumbani kwa Bibi Mokami, ikala kuku wanne, ikaazimia kwa kauli moja kwamba kiwiko kipone.

Bibi hakuazimia. Alifanya kazi. Kila alfajiri alipiga magoti: "Bwana, mkono huu umeushika wewe mwenyewe. Ulichokianza, kikamilishe." Kisha alimketisha Elia mbele ya sahani, wala hakumlisha hata tonge moja. Mkono uliobaki ulikuwa na kazi gani? Alimfundisha kumega ugali kwa huo, kuandika kwa huo, kumpa mgeni kikombe kwa huo. Tonge likimponyoka, alimwambia taratibu, "Okota, baba. Tena."

Wazee wakija kumjulia hali, Elia alisimama, akatoa shikamoo, akatoa na mkono. Waliondoka wakimsifu njia nzima.

"Bibi, umemlea huyu," jirani yake Lilian alisema. "Siku hizi hata ukimpeleka ukweni hakuaibishi."

"Si mimi, ni Mungu," Bibi alijibu, akacheka mpaka pengo likaonekana.

Mwezi wa pili baada ya upasuaji, Mwalimu Sylvester alikuja na kipande cha mpira wa tairi la baiskeli, akakifunga kwenye nguzo ya banda la ng'ombe. Vuta, achia. Vuta, achia. Elia alivuta huku jasho likimtiririka, na Bibi alitazama kana kwamba kinachovutwa ni utumbo wake.

"Mwalimu, unamchosha mtoto."

"Mkono usipovutwa unakauka, Bibi."

"Ukikauka?"

"Ndiyo basi tena. Hatarusha maisha yake yote."

Kesho yake ule mpira haukuonekana. Alisema mbuzi wameula.

"Mbuzi gani anakula tairi?" Mwalimu aliuliza.

"Mbuzi wa Tarime huwajui wewe."

Mwalimu Sylvester alimweleza Mzee Kisyeri pembeni kwamba bibi wa watu anaogopa Dar es Salaam itammeza mjukuu wake. Kamati iliguswa mno. Ikateua ujumbe wa kwenda kumfariji, na ujumbe ukala kuku wa tano. Mpira mwingine ukafungwa shuleni, mbali na mbuzi.

Agosti ikafika. Shule moja kutoka Serengeti ilikuja kucheza kwenye uwanja wa Turwa, na wateuzi wawili wakakaa mstari wa mbele na madaftari yao. Mgeni rasmi alichelewa saa mbili, kisha akakihutubia kiwiko kwa dakika arobaini. Mzee Kisyeri akasimama kutangaza kwamba kiwiko sasa kimezinduliwa rasmi, watu wapige makofi. Wakapiga.

Elia akavuta pumzi, akarusha.

Mpigaji wa Serengeti akaukata upepo. Mara ya pili akaukata tena. Mara ya tatu hakuthubutu hata kuinua rungu, alisimama tu nalo kama mlinzi wa benki. Wateuzi walitazamana, wakafunga madaftari, wakapeana mikono.

Vigelegele vikapasua uwanja. Bibi Mokami alijishika kichwa, machozi yakimchuruzika.

"Hayo ni machozi ya furaha," Mzee Kisyeri alimweleza mgeni rasmi. "Mama huyu amefanya kazi kubwa, akishirikiana na kamati yangu."

Mwalimu Sylvester alikuja mbio, mikono juu. "Bibi! Umerudi! Mkono umerudi!"

"Nimeuona, Mwalimu. Nina macho." Alijifuta kwa ncha ya kanga. "Miezi minne mtoto anakula kwa kulia, anaandika kwa kulia, anasalimia wazee kwa kulia, kama watoto wa watu. Na leo, mbele ya mgeni rasmi, mmemrudishia ule wa kushoto."

Akamvuta shati mpaka sikio la Mwalimu likafika mdomoni pake.

"Hivi yule daktari wa Mwanza," alinong'ona, "akiupasua tena, hawezi kukosea kidogo?"