Sahani za Ijumaa Kuu

Pandeli alikuwa amemaliza sahani ya tatu, na hata moja haikuwa yake.

Mwaka mzima wafanyakazi wa ushirika walikula maharage, lakini kila Ijumaa Kuu Mwenyekiti Rapo alichinja kondoo. Serikali ilikuwa imempiga Mungu marufuku Albania nzima, na Rapo aliamini hakuna mtego wa kumnasa muumini anayefunga kama mbavu za kondoo. Alisimama kwenye dirisha la jiko, sahani yake kando, akikagua zilizorudi. Mwaka uliopita Kostandina alirudisha nyama. Sasa alikuwa mgodini akichimba shaba, na watoto wake wawili walilelewa na majirani.

Vasilika aliitazama nyama yake. Yeye alikuwa na watoto watatu.

Mkono wa Pandeli ukapita begani mwake, ukazoa mbavu zote.

"Nguruwe wewe," Vasilika alisema kwa sauti.

"Nguruwe hali kondoo, dada. Angekuwa na akili, angekula."

Bwalo zima likacheka. Pandeli, mchunga ng'ombe, alikuwa kichekesho cha kijiji tangu ahamie pale miaka minne nyuma, bila mke, bila godoro, kidevu kimejaa mikato ya wembe. Mwembamba kama ufito, lakini leo mafuta yalimchuruzika hadi viwikoni. Akamnyang'anya mzee Sotir. Akamnyang'anya Lefteria, binti wa mhunzi, ambaye alianza kulia, kisha akaacha.

Rapo akamwamuru akae, awaache wenzake wale.

"Wenzangu wanakula kama bibi harusi, Ndugu Mwenyekiti. Chama si kimesema tupige vita uvivu?" Akanyakua pande lililokuwa kwenye sahani ya Rapo mwenyewe, akalisukumiza mdomoni.

Rapo alicheka hadi akashika ukingo wa dirisha. Akatangaza kwamba lau wananchi wote wangekuwa kama huyu, dini ingejifia yenyewe na serikali isingehangaika. Sahani zote arobaini zilirudi tupu. Mwaka huo hakupata mtu wa kupeleka mgodini.

Alasiri, wanawake waliokwenda kukamua walimkuta Pandeli nyuma ya zizi, amepiga magoti, anatapika. Wakampigia makofi. Mmoja akamuuliza kama bado ana nafasi ya mkia.

Jumamosi kulipopambazuka, Vasilika aliingia zizini na ndoo yake. Akachungulia nje, akarudisha mlango, akapiga magoti kwenye majani makavu.

"Nibariki, Padri. Jana nilikuita nguruwe mbele ya watu."

Pandeli akajishika tumbo, akacheua.

"Hiyo si dhambi, mwanangu, ni ukweli. Endelea."