Ngedere na Piko ya Kunguru

Zamani, Mungu alipokuwa amekwisha kuwagawia wanyama rangi zao, alikuwapo Ngedere mjane. Siku alipotoka eda alijitazama dimbwini, akaona mvi zimemzunguka uso mzima. Zilimwota miezi ile alipokuwa akimuuguza mumewe. Akaenda kwa Kunguru, aliyekuwa akiwapaka wenzake piko, ile rangi nyeusi ya kufichia mvi.

"Nipake zote, shoga, niwe mweusi kama wewe."

"Kama mimi? Huioni shingo yangu nyeupe? Nilijipaka kwa pupa, piko ikaniishia njiani!" Kunguru akacheka, akamtia tone moja nyuma ya sikio. "Ngoja mpaka kesho. Lisipokuwasha, tutapaka."

Ngedere akajilaza juu ya tawi, usingizi wa mchana ukamchukua. Ndotoni akajiona mweusi tititi. Akamwona mumewe akija polepole, mzima wa afya, akiwatazama ngedere wote usoni mmoja mmoja. Alipomfikia yeye, akampita.

"Ni mimi, Baba Chausiku!"

"Samahani, mama," akajibu kwa upole. "Namtafuta mke wangu. Aliota mvi kwa kuniuguza. Nilikuwa nikizitazama, maumivu yananipungua."

Kesho yake Kunguru akaja na kibakuli chake.

"Je, limewasha?"

"Halikuwasha, shoga, nashukuru. Lakini rudi nyumbani na piko yako. Yupo anayenitafuta."

Kunguru akakifunika kibakuli. "Na hilo tone la nyuma ya sikio, nilioshe?"

"Liache. Mungu akitukutanisha nitamwonyesha, acheke."